Kwa nini jirani hushangilia bao kabla yako?

Jumapili jioni mjini Busia, upande wa Uganda, vibanda viwili vya mpira vimetazamana, barabara katikati. Mechi ni moja, ya Ligi Kuu ya Uingereza. Kwenye kibanda cha kwanza winga ndiyo kwanza anapewa mpira. Kwenye cha pili watu wameshapanda juu ya mabenchi wakipiga kelele. Waliolipia kibanda cha kwanza wanabaki kutazama bao ambalo mtaa mzima umeshalijua.

Uliza sababu, na jibu utapewa papo hapo: setilaiti iko mbali, picha lazima ichelewe.

Ni kweli iko mbali. Setilaiti za televisheni hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ila sisi tumependelewa: ile inayotuletea DStv iko nyuzi 36 mashariki, na Kampala iko karibu nyuzi 32.6, kwa hiyo imetukalia karibu utosini. Mawimbi nayo hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde. Kupanda na kushuka ni kama kilomita 72,000, yaani robo sekunde hivi. Hata mechi ikirushwa juu na kushushwa mara tatu kabla ya kufika Busia, sekunde moja haitimii. Wale wa ng'ambo ya barabara wamewatangulia wenzao kwa sekunde saba au zaidi.

Tena vibanda vyote viwili vinaweza kuwa vinatumia setilaiti hiyohiyo. Chaneli moja inayorushwa kwa HD na kwa picha ya kawaida, kupitia dishi moja, mara nyingi haiendi sawa. Tazama saa ya mechi kwenye kona ya skrini utaona moja iko nyuma. Na mwenye antena ya kawaida, anayepokea dijitali jijini Kampala kutoka mnara wa Kololo, kilomita chache tu kutoka kwake, naye anachelewa. Kama tatizo lingekuwa umbali, huyu angekuwa wa kwanza kushangilia.

Nadhani dhana hii tuliirithi kutoka kwenye simu. Simu za kimataifa zilipopita kwa setilaiti, swali lilichukua robo sekunde kwenda na jibu robo nyingine kurudi, na hiyo nusu sekunde ilitosha watu wawili kuingiliana maneno mpaka wakakasirikiana. Kwenye maongezi nusu sekunde inaudhi. Kwenye mpira hakuna anayeihisi.

Muda unapotelea kwenye kubana picha. Picha ya HD ikitoka kwenye kamera ina zaidi ya biti bilioni moja kwa sekunde, lakini chaneli ikirushwa angani hupewa biti milioni chache tu. Kwa hiyo mashine haitumi kila picha nzima. Inatuma moja kamili, kisha inaeleza kilichobadilika: mpira umesogea hapa, beki amegeuka, nyasi ni zilezile. Na ili ibane zaidi, baadhi ya picha huelezwa kwa kulinganishwa na iliyotangulia na itakayofuata. Sasa, hiyo itakayofuata haijapigwa bado. Mashine haina budi kusubiri.

Ni kama teksi ya abiria 14 pale Old Taxi Park. Unakwenda karibu tu, barabara iko wazi, injini inanguruma, lakini kondakta haondoi gari mpaka lijae. Abiria wa kwanza kuingia ndiye anayeteseka zaidi: safari ni ya dakika kumi, kusubiri nusu saa. Kumlaumu kwamba anaishi mbali ni kumwonea. Picha za mpira husafiri hivyohivyo. Zinakusanywa, zinapakiwa kwa mafungu, zinachanganywa na chaneli nyingine zinazotumia masafa yaleyale, na zikifika, dekoda nayo huzishika kidogo kwanza ili zisikwamekwame kwenye skrini. Muda wa kila kituo hutofautiana kwa kampuni na kwa aina ya dekoda, ndiyo maana majirani wawili hawalingani.

Anayetazama kwa simu ndiye wa mwisho kabisa. Mfumo ambao Apple iliuleta mwaka 2009, ambao umeenea sana, hukata video vipande vipande. Mwanzoni kipande kilipendekezwa kiwe cha sekunde kumi, na kwa kawaida kicheza video kilianza vipande vitatu nyuma. Hizo ni sekunde 30 kabla hujalaumu mtandao.

Televisheni ilipoanza Uganda mwaka 1963, na kwa miongo mingi baadaye, kila seti ilipokea mawimbi ya analojia na kuonyesha palepale. Kama mechi ilichelewa njiani kabla ya kufika kituoni, ilichelewa kwa wote, na kelele za mtaa zilikuwa moja. Analojia ilianza kuzimwa eneo la Kampala mwaka 2015. Tulipata chaneli nyingi na picha safi, na kila nyumba ikapata sekunde zake.

Matokeo yake yanachekesha. Sauti husafiri kilomita moja kwa kama sekunde tatu, taratibu mno ukilinganisha na mawimbi. Hata hivyo mtu anayekaa kilomita moja kutoka uwanja wa Namboole anaweza kusikia mayowe ya bao kwa masikio yake, kisha akaingia ndani na kulikuta runingani. Redio ya FM nayo huwahi, mradi mtangazaji yuko uwanjani. Wengi wa wanaotangaza mechi za Ulaya wamekaa studio wakitazama dekoda kama wewe.

Waliozielewa sekunde hizi mapema ni wenye biashara ya kubeti. Taarifa zao hutoka kwa watu walioko uwanjani, na dau linalowekwa mechi ikiendelea hushikiliwa sekunde kadhaa kabla ya kukubaliwa. Kijana kibandani anaona penalti, anabonyeza haraka, na dau linakataliwa: penalti hiyo imeshapigwa.