Kotmiri na giligilani: majani ya kiungo ni nini hasa?

Mwambie mwenye duka la viungo, "Nifungie vya pilau," naye atakupimia bizari nyembamba, iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga. Hutaona jani hata moja. Vuka barabara kwa mama wa mbogamboga, mwambie unataka kiungo cha kachumbari, atakuvutia fungu la kotmiri linalodondosha maji. Neno ni moja, kiungo, yaani kitu cha kuunga chakula. Tabia za vitu vyenyewe ndizo zisizofanana.

Majani ya kiungo ni majani, pamoja na vikonyo vyake laini, yanayotiwa kwenye chakula au kinywaji kwa ajili ya harufu na ladha, si kwa kushibisha. Mchicha ni majani lakini si kiungo, kwa sababu unaupika sufuria nzima. Kotmiri unakata kiganja kimoja kwa mchuzi wa watu sita. Mnanaa, mrehani, mchaichai na rozmeri ni wa ukoo huo wa kazi. Viungo vikavu hutoka sehemu nyingine za mimea: karafuu ni tumba la ua, mdalasini ni gome, pilipili manga ni tunda lililokaushwa.

Mmea mmoja unakaa pande zote mbili. Zanzibar na pwani wengi huyaita majani yake kotmiri na mbegu zake giligilani. Bara utasikia giligilani kwa vyote viwili, na Kenya ni dania. Majina yanayotenganisha jani na mbegu nayaona ya busara zaidi, maana hata pua inavitenganisha. Mbegu ina linaloli, harufu tamu inayokaribia ganda la chungwa. Jani lina aldehaidi, harufu kali ya kibichi. Aldehaidi za namna hiyo zimo pia kwenye sabuni, na wapo watu ambao kwa kurithi pua zao huzikamata sana. Kwa hiyo mgeni akiichambua kotmiri na kuisogeza pembeni ya sahani, usimnunie.

Mbegu kavu hufungia harufu yake ndani ya ganda, ndiyo maana inasafiri. Kaburi la Tutankhamun lilipofunguliwa Misri mwaka 1922, giligilani ilikuwamo, baada ya zaidi ya miaka 3,200. Jani halivumilii hivyo. Ukilikata au kuliponda, mafuta yake ya harufu huruka hewani upesi. Fungu ulilonunua asubuhi na kulisahau kwenye mfuko wa plastiki, jioni ya Dar es Salaam limekwisha kuwa unyevunyevu. Likisimamishwa kwenye glasi ya maji, kama maua, linapata siku chache zaidi.

Ndiyo sababu ya kupanda karibu na jiko, na ndiyo sababu kotmiri huingia sufuriani moto ukishazimwa. Zamani niliikaanga pamoja na vitunguu, nikiamini itakolea. Nikapata vinyuzi vyeusi na mchuzi usionukia chochote. Mchaichai ni kinyume chake: jani lake ni gumu, bila maji ya moto halikolei kwenye chai. Rozmeri nayo, mmea uliozoea jua na ukame wa Mediterania, hubaki na harufu hata ikikauka.

Giligilani ya kupanda inaweza kutoka duka lile lile la viungo, mradi haijakaangwa wala haijakaa miaka. Kile kiduara unachokiona ni tunda lenye mbegu mbili. Libonyeze kwa chupa lipasuke katikati, loweka usiku mmoja, kisha fukia kina cha sentimita 1. Subiri wiki moja hadi tatu. Panda papo hapo utakapovunia, kwa kuwa mzizi wake hushuka wima na haupendi kuhamishwa. Ndoo ya rangi iliyooshwa vizuri na kutobolewa chini inatosha. Bila matundu mizizi huoza, na hili huua miche mingi ya nyumbani.

Joto ndilo humtesa mpandaji wa pwani. Likizidi, mmea hukimbilia maua: shina hurefuka na majani ya juu huwa membamba kama nyuzi. Hapo kotmiri imekwisha, maji hayairudishi nyuma. Uipatie kivuli cha mchana, na upande kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili au tatu badala ya kumwaga mbegu zote siku moja.

Mrehani ni tofauti, huo unataka kukatwa. Usichume majani makubwa ya chini. Kata ncha, juu kidogo ya mahali majani mawili yanapokabiliana, na hapo yatachipua matawi mawili. Ukiuacha uchanue kwa ajili ya kikuba, kile kifungu cha maua yanayonukia wanachovaa wanawake wa pwani, sawa, ila majani yatapungua.

Mnanaa ni rahisi mno: kijiti kwenye glasi ya maji hutoa mizizi kwa wiki moja au mbili, kisha kipe chungu chake peke yake, maana hutambaa na kumeza majirani. Ndani ya nyumba, weka chungu dirishani. Juu ya friji panapendeza machoni, lakini wangu ulirefuka ukawa mweupe kama uzi.

Na ile kotmiri iliyokukimbilia maua usiing'oe. Acha vitunda vigeuke kahawia, kata shina zima, liinamishe kichwa chini ndani ya mfuko wa karatasi na uliache likauke. Ukitikisa utasikia vinadondoka. Nusu ya pilau, nusu irudi kwenye ndoo.