Kujihurumia ukiwa na ugonjwa wa kudumu: maana yake hasa

Neno kujihurumia lina sifa mbaya masikioni mwa wengi. Ukilitaja, watu humwaza mgonjwa aliyejikunyata kitandani akiuliza "kwa nini mimi?" Huko ni kujionea huruma, na ni jambo jingine. Anayejionea huruma huzama katika maumivu yake hata asione kitu kingine. Anayejihurumia huyatazama maumivu hayo kama ambavyo angeyatazama ya ndugu yake, kisha hujiuliza: nifanye nini sasa kitakachonifaa?

Mwanasaikolojia Kristin Neff wa Chuo Kikuu cha Texas, Marekani, aliichambua dhana hii katika makala za mwaka 2003 na kuigawa sehemu tatu: kujitendea kwa upole badala ya kujihukumu, kukumbuka kwamba kuumwa na kukosea humpata kila binadamu, na kuyatambua maumivu kama yalivyo, bila kuyakana wala kuyakuza. Sehemu hizi hutegemeana. Upole usioambatana na utambuzi hugeuka visingizio upesi sana.

Mchukue mtu mwenye kisukari. Asubuhi kabla ya kula anapima sukari ya damu, kimashine kinasoma 14 (kwa kipimo cha mmol/L), ilhali kliniki ilimwambia isizidi 7. Sauti ya ndani haikawii: "Mzembe wewe, jana ulikula nini?" Wengi huamini ukali huo ndio unaowanyoosha. Sisi tunaona ndio unaowaponza, kwa sababu aibu humfundisha mtu kuficha. Kesho hapimi ili asiione namba, wiki ijayo daftari lina mapengo, mwezi ujao anakwepa kliniki, na daktari anabaki kupanga dozi kwa kubahatisha. Tena sukari hupanda hata kwa maambukizi, usingizi mbovu, msongo wa mawazo au dawa za steroidi, mambo yasiyohusiana kabisa na uzembe. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watu 63 wenye kisukari huko New Zealand: waliofundishwa kujihurumia kwa wiki 8 walipungukiwa na sonona, na kipimo chao cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili hadi mitatu, kikashuka kuliko cha wale waliokuwa bado wanasubiri zamu.

Zoezi lenyewe la kujihurumia halizidi dakika mbili. Weka kimashine chini. Laza kiganja kifuani, au popote pasipouma. Pumua taratibu mara tatu, kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuvuta. Litaje jambo kwa jina lake: "Nimeogopa," au "Nimechoka kujidunga." Kumbuka kwamba asubuhi hii hii wapo wengine walioamkia namba kama hiyo. Kisha jiambie neno ambalo ungemwambia rafiki mwenye ugonjwa huohuo. Likigoma kutoka, jiite kwa jina lako kana kwamba unasema na mtu mwingine. Wengi huishia hapo, na ndipo wanapokosea. Zoezi halijakamilika mpaka uchague kitendo kimoja: kuandika namba na saa, au kufuata maelekezo uliyopewa kuhusu sukari iliyopanda.

Wapo wanaolia au kukasirika mara tu wanapoanza, hasa waliozoea kufokewa tangu utotoni. Hilo hutokea, wala si dalili kwamba wameshindwa. Fumbua macho, sikia nyayo zako zinavyogusa sakafu, acha kwa siku hiyo. Lakini sauti ya ndani ikikwambia wewe ni mzigo au heri ufe, mweleze mhudumu wa afya siku hiyohiyo.

Kwa wenye maumivu ya viungo au uchovu usiokwisha, mtego mkubwa uko kwenye siku njema. Mtu anaamka mwepesi, anafua, anapiga deki, anapanga kabati, kisha siku tatu hainuki kitandani na anajilaumu upya. Kujihurumia hapa ni hesabu. Angalia siku ya kawaida unaweza kusimama dakika ngapi kabla maumivu hayajazidi. Zikiwa 20, tega kengele kwenye 15, na ikilia kaa chini hata kama bado una nguvu. Kukaa wakati huo ni kugumu kuliko kufua, maana ndoo imebaki na nguo mbili tu. Ziache zilowe mpaka umepumzika.