Oili mpya haiui gia boksi ya oto

Wiki iliyopita kaja mteja wa upande wa Konde, hapa Pemba, na Hilux yake ya dizeli ya gia za oto, mgongoni magunia ya karafuu. Nikamwambia oili ya gia boksi inanuka kuungua. Akanikata: "Fundi, hapo usiguse. Jirani yangu kabadilisha oili, siku ya tatu gari halirudi rivasi." Nimechoka kulijibu hili nikiwa uvunguni, kwa hiyo naliandika.

Muulizeni huyo jirani gari lilikuwaje kabla. Lilikuwa linachelewa kushika gia, kwenye kilima injini inavuma na mwendo hauongezeki. Basi sahani za klachi zilizomo ndani ya gia boksi zilishakwisha. Oili kaitia kama dawa ya mwisho kwa mgonjwa aliyekwisha kukata kauli, kisha dawa ndiyo ikalaumiwa.

Na Pemba si tambarare kama sehemu kubwa ya Unguja. Ukipanda polepole na mzigo, upande wa injini ndani ya toki konveta (chombo cha oili kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi) huzunguka haraka kuliko upande wa gia, na tofauti hiyo huzaa joto ndani ya oili. Oili iliyopikwa miaka mingi hivyo haina tena kazi ya kukufanyia. Gari la mzigo mimi silipitishi kilomita 80,000 bila kubadilisha oili.

Kazi yenyewe unaweza kuifanya nyumbani. Gari likae sawasawa juu ya stendi, si jeki tupu. Fungua plagi ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, maana ikigoma umeshamwaga, gari halitoki uani. Pima ulichomwaga, urudishe kiasi hicho hicho. Ukishusha sampo, yaani bakuli la oili chini ya gia boksi, tazama sumaku zilizomo: unga laini wa kijivu ni kawaida, vipande vya chuma si kawaida. Bolti za sampo ni ndogo, usizikaze kama za tairi. Oili chafu usiimwage karibu na kisima.

Sasa linaloniudhi zaidi. "Si nyekundu? Basi ni ile ile." Hapana! WS na T-IV, aina mbili za oili ya gia boksi za Toyota, zote ni nyekundu, lakini WS ni nyepesi zaidi, na gia boksi iliyoandikiwa WS inataka WS. Rangi ni ya kukusaidia kujua kinachovuja ni nini, haikuambii kilichomo.

Na kipimo. Hilux nyingi za WS hazina stiki ya kupimia oili ya gia boksi. Unapima injini ikiwa inawaka, umeshapitisha gia zote polepole na kurudi P (ya kuegesha), unafungua plagi ya kupimia, oili iliyozidi inatoka. Mkondo ukigeuka matone, unafunga. Lakini hayo yafanyike oili ikiwa kati ya nyuzi 35 na 45 hivi. Kitabu cha gari lako kitakupa namba kamili, na mashine ya kusomea kompyuta ya gari itakuonyesha joto. Oili ikipata moto hutanuka. Ukipima saa saba mchana gari limetoka safari ya Mkoani, itamwagika nyingi, utafunga ukidhani imetimia, kumbe baadaye ikipoa imepungua. Pampu inavuta hewa, gia zinateleza, na jirani anapata hadithi nyengine ya oili mpya. Mimi gari hulilaza usiku kucha, nikapima baada ya alfajiri, na hata hapo nafasi kabla oili haijapita joto hilo ni fupi.

Jengine: plagi haitoi oili yote. Chukua gia boksi ya lita 10 inayomwaga lita 4. Mara ya kwanza umepata asilimia 40 mpya, ya pili 64, ya tatu 78. Ndiyo maana narudia mara tatu, kila baada ya wiki mbili za kazi.

Lipo gari moja ambalo mkono wangu husita: lililovuka kilomita 250,000 bila kubadilishwa hata mara moja, na bado linashika gia vizuri. Wapo mafundi wanaosema unga wa klachi uliomo kwenye oili kuukuu ndio unaosaidia kushika. Siliamini sana, wala sijaweza kulikanusha. Kwa gari hilo namwaga mara moja tu, nampa mwenyewe mwezi mzima alitumie, kisha tunazungumza.

Yule wa Konde kakubali. Ana kilomita 130,000, na sumaku zake zilikuwa na unga tu. Jumamosi anarudi kwa mara ya pili.