“Meya wa Liverpool” yupi?

Kuna sentensi moja nimechoka kuisoma: “Liverpool imetawaliwa na mameya tangu mwaka 1207.” Imo kwenye insha za wanafunzi, imo kwenye vijarida vya watalii, na sasa inanakiliwa kwa Kiswahili bila mtu kuiuliza swali. Ina makosa mawili. La kwanza ni la tarehe, nalo nitalimaliza upesi. La pili liko kwenye neno “imetawaliwa”, na hilo ndilo linaloniudhi.

Mwaka 1207 Mfalme John alitoa hati ya kuwaita watu waje kujenga Liverpool, akawaahidi haki zilezile za miji mingine huru ya pwani. Hati ile haimtaji meya. Mwaka 1229 Henry III akauza hati nyingine, iliyoruhusu chama cha wafanyabiashara wa mji kujiendeshea mambo yao. Meya hayumo humo pia. Jina la kwanza katika orodha ya mameya ni William fitz Adam, mwaka 1351.

Hata huo mwaka 1351 unahitaji tahadhari. Daftari la mji lilianza kuandikwa mwaka 1550. Majina yote ya kabla ya hapo yameokotwa kwenye hati za viwanja: fulani kamuuzia fulani kipande cha ardhi, na mwishoni mashahidi wametajwa, wa kwanza wao akiitwa meya. Kwa hiyo 1351 ni umri wa karatasi iliyosalia, haituambii cheo kilianza lini. Vitabu vingi vinaandika “meya wa kwanza” kwa uhakika wote. Mimi nashauri uandike “meya wa kwanza anayejulikana”, na ukiona orodha ya karne ya 14 na 15 isiyo na pengo hata moja, ujue kuna mtu amejaziajazia.

Tuje kwenye kutawala. Orodha ya mameya wa Liverpool inasomeka kama mnyororo mmoja wa watu waliofanya kazi moja kwa zaidi ya miaka mia sita. Kazi ile imebadilika mara nyingi mno, na jina la cheo ndilo lililobaki palepale.

Kwa hati ya mwaka 1695 ya Mfalme William III, mji ulikuwa na baraza la watu 41. Nafasi ikiwa wazi, baraza lenyewe ndilo lililochagua wa kuijaza, na aliyeingia alikaa mpaka kufa au kujiuzulu. Meya alipigiwa kura kila mwaka, Oktoba 18, siku ya Mtakatifu Luka, lakini ilibidi atoke ndani ya hao 41, na wapiga kura walikuwa wale tu waliosajiliwa kuwa raia huru wa mji. Uraia huo uliupata kwa kuzaliwa na baba mwenye nao, kwa kumaliza miaka saba ya kujifunza kazi chini ya fundi au mfanyabiashara mwenye nao, au kwa kupewa na baraza. Aliyekuwa nao hakulipa ushuru wa mji kwenye mizigo yake. Kwa mwenye meli, msamaha huo ulikuwa na thamani kuliko kura.

Meya wa wakati huo alikuwa na nguvu za kweli. Alikuwa hakimu mkuu wa mji. Alisimamia uchaguzi wa wabunge. Afisa wa jeshi la majini aliyetaka kukamata mabaharia kwa nguvu mjini ili watumikie meli za kivita alihitaji hakimu aidhinishe hati yake, na hakimu wa mji alikuwa meya au mmoja wa wazee wa baraza. Sheria ya Bunge ya mwaka 1709 iliwafanya meya na baraza kuwa wadhamini wa gati jipya, lile alilojenga Thomas Steers na kufunguliwa mwaka 1715. Baraza likawa linashika ardhi, mahakama, ushuru na gati, vyote pamoja.

Hapa ndipo suala la biashara ya watumwa linapoingia, na hapa watu hukosea kwa pande mbili. Wapo wanaosema meya alikuwa mtu wa sherehe tu, hahusiki. Wapo wanaosema meya ndiye aliyeidhinisha biashara ile, kana kwamba kila meli iliondoka kwa sahihi yake. Ukweli ni mbaya kuliko yote mawili: wenye meli na wenye baraza walikuwa watu walewale. Foster Cunliffe, meya wa 1716, 1729 na 1735, alikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa watumwa mjini. Bryan Blundell, meya wa 1721 na 1728, aliwekeza katika biashara hiyo huku akiijenga shule ya mayatima ya Blue Coat. Thomas Leyland, meya wa 1798, 1814 na 1820, aligeuza faida ya meli zake kuwa benki. Angalia miaka hiyo ya Leyland: mara mbili kati ya tatu alishika umeya baada ya Bunge kupiga marufuku biashara yenyewe mwaka 1807. Marufuku ilizuia meli. Viti vya baraza havikuguswa.

Kama baraza zima, msimamo wao uko kwenye kumbukumbu. Lilipeleka maombi Bungeni kupinga marufuku, na mwaka 1788 lilimtunza padri Raymund Harris pauni 100 kwa kijitabu chake kilichodai kwamba Maandiko Matakatifu yanaihalalisha biashara ile. Ukitaka kuonyesha wajibu wa mji, fuata fedha za baraza kama hizo. Orodha ya mameya peke yake haithibitishi, kwa sababu meya alikaa mwaka mmoja tu, na aliyekuwa na ushawishi mkubwa kuliko wote katika mwaka fulani aweza kuwa mzee wa baraza ambaye orodha haimtaji mwaka huo.

Tarehe nazo zinawaangusha hata waliosoma. Orodha inaandika mwaka wa kuchaguliwa. Cunliffe wa “1716” alishika kazi kuanzia Oktoba 1716 hadi Oktoba 1717, kwa hiyo sehemu kubwa ya umeya wake iko mwaka 1717. Juu ya hilo, mpaka mwaka 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza Machi 25. Chukua barua yenye tarehe 10 Februari 1716. Ukiipeleka moja kwa moja kwenye orodha utasema meya alikuwa aliyechaguliwa Oktoba 1715. Umekosea. Mwandishi wa barua ile alikuwa bado hajafika Machi 25, kwa hiyo Februari yake ya 1716 ni Februari 1717 kwa hesabu yetu, na meya ni Cunliffe. Utaratibu ninaosisitiza ni huu: kwanza sahihisha mwaka ikiwa tarehe iko kati ya Januari 1 na Machi 24, kabla ya 1752, ndipo uangalie kama siku iko kabla au baada ya Oktoba 18, mwisho kabisa ufungue orodha. Ukianza na orodha, kosa litaingia na hutaliona. Sheria ya Bunge ya mwaka 1835, iliyobadili mabaraza ya miji, ilihamishia siku ya meya Novemba 9, na tangu mwaka 1949 kalenda ya mabaraza ikahamia Mei, kwa hiyo hesabu ya Oktoba haifai tena baada ya hapo.

Sheria hiyo ya 1835 ndiyo iliyoua umeya wa zamani. Baraza la Liverpool likawa na madiwani 48 waliochaguliwa na walipa kodi wa mji, pamoja na wazee wa baraza 16 waliochaguliwa na madiwani. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Desemba 1835, na meya wa kwanza wa baraza jipya akawa William Wallace Currie, mwana wa daktari James Currie aliyeipinga biashara ya watumwa. Tazama nani aliyemchagua: ni baraza. Watu wanadhani mageuzi yale yaliwapa wananchi haki ya kumchagua meya. Yaliwapa haki ya kuchagua madiwani, na hata wale raia huru wa mji waliokuwa wakimpigia meya kura tangu 1695 wakaipoteza kura hiyo.

Kisha likaja pigo ambalo historia nyingi za mameya hulipita kimya. Ushuru wa mji ulitozwa hata kwa mizigo iliyopita tu Liverpool kwenda kwingine, na wafanyabiashara wa Manchester walikuwa wameulalamikia kwa miaka. Sheria ya 1857 iliunda bodi ya gati na bandari ya Mersey, mto wa Liverpool, ikachukua magati pamoja na ushuru ule, na baraza likalipwa fidia ya pauni 1,500,000. Tangu bodi ilipoanza kazi mwaka 1858, meya wa mji wa bandari hakuwa tena na bandari. Yeyote anayeandika kwamba meya fulani wa miaka ya 1880 “aliendesha bandari ya Liverpool” hajalifikia jambo hili.

Liverpool ikawa jiji mwaka 1880, na mwaka 1893 meya akapewa heshima ya kuitwa Lodi Meya, wa kwanza akiwa Robert Durning Holt. Cheo kilipanda, madaraka yakabaki yaleyale: kuongoza vikao vya baraza, kupokea wageni, kuvaa joho na mkufu. Margaret Beavan, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo mwaka 1927, alisikika sana mjini, lakini hilo lilitokana na kazi zake za afya ya watoto. Msomaji wa Dar es Salaam ataelewa upesi: meya huchaguliwa na madiwani, na utendaji wa kila siku uko kwa mkurugenzi. Mfumo huo una asili moja na huu wa Liverpool, kama walivyokuwa mameya wa Mombasa na Nairobi kabla ya magavana kuja mwaka 2013. Kampala ni jambo lingine, kwa kuwa Lodi Meya wa kule anapigiwa kura na wananchi.

Sasa miaka ya karibuni, ambako fujo ni kubwa kuliko zote. Mwaka 2012 baraza liliamua kuwa na meya mtendaji anayechaguliwa na wananchi, bila kura ya maoni, na Joe Anderson akashinda Mei mwaka huohuo. Lodi Meya hakuondolewa. Mwaka 2017 akaongezeka meya wa kanda, Steve Rotheram, anayesimamia mamlaka ya pamoja, yaani chombo kinachounganisha mabaraza ya Liverpool, Knowsley, Sefton, St Helens, Wirral na Halton. Kwa hiyo mwaka 2019 walikuwapo watatu kwa wakati mmoja: Anna Rothery, Lodi Meya mweusi wa kwanza, Anderson mtendaji, na Rotheram wa kanda. Mwaka 2021 Joanne Anderson alichaguliwa kuwa meya mtendaji, mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa na wananchi kuongoza jiji kubwa la Uingereza. Magazeti mengine yakamwita Rothery “meya mweusi wa kwanza wa Liverpool”, mengine yakampa sifa hiyo Joanne Anderson, na wasomaji wakaanza kubishana nani mwongo. Hakuna mwongo. Ni vyeo viwili tofauti.

Mei 2023 nafasi ya meya mtendaji ilifutwa, na madaraka yakarudi kwa kiongozi wa baraza, ambaye ni diwani anayeungwa mkono na wenzake walio wengi. Kwa hiyo anayetafsiri habari leo aangalie jambo lenyewe kabla ya kuandika “meya wa Liverpool”. Ikiwa ni mabasi, treni au mafunzo ya kazi, huyo ni meya wa kanda. Ikiwa ni takataka, nyumba za baraza au kodi ya baraza, mhusika ni kiongozi wa baraza, na neno meya lisitumike kabisa. Ikiwa kuna mkufu kwenye picha, ni Lodi Meya, na uandike hivyo.