Hakuna mlango wa Yerusalemu uliojulikana kama Tundu la Sindano

Ujumbe huu huzunguka sana kwenye magrupu ya kanisa, hasa wakati wa harambee: kwamba "tundu la sindano" alilotaja Yesu, aliposema ni rahisi ngamia kulipenya kuliko tajiri kuingia katika ufalme wa Mungu, lilikuwa mlango mdogo wa Yerusalemu, na ngamia aliupita kwa kutuliwa mizigo na kupiga magoti. Basi tajiri naye apunguze kidogo tu, ataingia.

Ni maelezo matamu, lakini mlango huo haujulikani. Wachimbaji wa mambo ya kale hawajaupata, wala maandishi ya zama za Yesu hayautaji. Simulizi lenyewe linajitokeza karne nyingi baadaye, katika Zama za Kati. Kinachowachanganya watu ni kwamba miji yenye kuta ilikuwa na vilango vidogo ndani ya malango makubwa, na waongoza watalii huvionyesha hadi leo.

Kuhakiki hakuhitaji safari. Fungua Marko 10:23-27, usiishie mstari wa 25. Wanafunzi wanashangaa mno, wanaulizana ni nani basi atakayeokoka. Nani angeshtuka hivyo kwa ajili ya ngamia aliyepiga magoti? Yesu anajibu kwamba kwa wanadamu haiwezekani, ila kwa Mungu yote yawezekana. Talmudi ya Babeli, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, nayo inamtaja tembo kwenye tundu la sindano, kwa maana hiyo hiyo ya jambo lisilowezekana.

Ukiupokea tena, usiusambaze. Mrudishie aliyekutumia mistari hiyo mitano. Na anayeuliza tajiri afanyeje basi na mali yake, asome 1 Timotheo 6:17-19: asiitumainie, awe mkarimu, ajiwekee akiba kwa wakati ujao.