Kabla ya Kupiga Window Upya, Okoa na Mipangilio

Msimu wa korosho ukikaribia, si ajabu kompyuta ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) kule Newala au Tandahimba kupelekwa kwa fundi ipigwe window upya, yaani isakinishwe Windows upya. Huduma ya kawaida ya Windows 10 nayo ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, basi wengi wanahamia toleo la 11. Karani huokoa Desktop na Documents, akaona amemaliza. Barua zitapona kweli. Kitakachopotea ni kiolezo cha Word chenye nembo ya chama, alamisho na nywila za kivinjari, na kamusi aliyoifundisha majina ya vijiji ili yasipigiwe tena mstari mwekundu.

Programu yenyewe hukaa Program Files, lakini mipangilio yake mingi iko AppData, ndani ya folda ya mtumiaji, tena imefichwa. Ndiyo maana sasisho la kawaida huiacha salama, ila kufomati diski C hufuta vyote. Jihadhari na "Reset this PC": hata ukichagua "Keep my files", mafaili yanabaki lakini programu ulizosakinisha na mipangilio yake huondoka.

Funga programu zote kwanza, maana faili linalotumika huweza kunakiliwa nusu likaharibika. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %appdata%, kisha Enter. Nakili kwenye flashi: Microsoft\Templates (humo mna Normal.dotm), Microsoft\UProof (kamusi ya Word), Mozilla\Firefox, na LibreOffice\4\user. Tarakimu 4 isikutishe. Folda inaitwa hivyo hata kwenye matoleo mapya.

Nywila za Chrome ni habari nyingine. Zimefungwa kwa ufunguo unaoshikamana na akaunti ya Windows ile ile, hivyo kunakili folda hakusaidii. Zitoe kwa faili la CSV kupitia sehemu ya nywila ya Chrome. Faili hilo linasomeka na yeyote atakayeshika flashi. Usimkabidhi fundi, na ulifute ukishaziingiza upya.

Programu nyingine huandika mipangilio kwenye rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows yenyewe. Fungua regedit, nenda HKEY_CURRENT_USER\Software, bofya jina la programu husika, kisha Export. Chukua tawi hilo tu. Kurudisha rejista nzima ya zamani juu ya Windows mpya ni kujitafutia balaa.

Wakati wa kurudisha, sakinisha programu, ifungue mara moja ijitengenezee folda zake, ifunge, ndipo ubandike. Kwa Firefox, andika about:profiles kwenye sehemu ya anwani uone folda inayotumika, funga kivinjari, kisha weka humo yaliyokuwa ndani ya wasifu (profile) wa zamani. Toleo unalosakinisha lisiwe la nyuma kuliko la awali, kwani Firefox hukataa wasifu uliokwisha kutumiwa na toleo la mbele. Mwambie fundi pia arudishe jina lile lile la mtumiaji. Likiwa "Karani" likageuzwa "Admin", njia za mafaili zilizoandikwa ndani ya mipangilio zitaelekea folda isiyokuwepo.

Flashi hiyo isifutwe hadi minada miwili mitatu ya korosho ipite. Kuna mipangilio ambayo karani huikumbuka siku anapoihitaji.