"Nilishazibwa tundu la moyo, nikapona": dhana potofu kuhusu ujauzito

Hakuna kauli inayonisikitisha kliniki kama hii: "Daktari, moyo wangu ulifanyiwa upasuaji nikiwa mtoto, nimepona, kwa hiyo sikuona haja ya kumwambia mkunga." Kovu lipo katikati ya kifua, lakini kwenye kadi ya kliniki hakuna hata neno moja. Ni kweli kwamba aliyezibwa tundu dogo, asibakiwe na hitilafu yoyote, huwa na hatari ndogo sana. Lakini aliyerekebishiwa tetralojia ya Fallot, yaani mkusanyiko wa hitilafu nne za moyo za kuzaliwa, anaweza kuishi miaka mingi huku vali ya mshipa wa mapafu ikivuja na upande wa kulia wa moyo ukitanuka bila yeye kuhisi lolote, hadi ujauzito unapoongeza damu mwilini kwa takriban asilimia 40 hadi 50. Akianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, huambiwa kwamba ni mambo ya mimba. Mimi humuuliza analalia mito mingapi: aliyezoea mmoja, na sasa bila mitatu hapati pumzi, apimwe eko, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, siku hiyo hiyo. Heri zaidi apimwe kabla ya kushika mimba, kwa sababu dawa za moyo na shinikizo la damu kama enalapril na losartan humdhuru mtoto tumboni, na ni daktari anayepaswa kuzibadilisha, si mgonjwa kuziacha kimyakimya.

Wengine huamini kwamba mwenye ugonjwa wa moyo wa kuzaliwa asizae kabisa. Si kweli, wengi huzaa salama. Tunaowashauri wasibebe mimba ni wachache, wakiwemo wenye shinikizo la juu la damu katika mishipa ya mapafu, ambao mimba inaweza kuwaua hata kama wanajiona wazima. Hao wapewe njia ya uhakika ya uzazi wa mpango, kama kijiti, wala si vidonge vyenye estrojeni.

Kujifungua kwa upasuaji nako si lazima: kwa walio wengi, kujifungua kwa njia ya kawaida, wakichomwa ganzi ya mgongoni, ndilo chaguo la kwanza. Mtoto naye si lazima arithi ugonjwa huo. Uwezekano mara nyingi ni asilimia 3 hadi 5, ukilinganisha na takriban 1 kwa watoto wote, kwa hiyo moyo wake uchunguzwe angali tumboni, kati ya wiki ya 18 na ya 22 ya mimba.

Hatari haiishi kondo likishatoka. Damu iliyokuwa ikienda kwenye mji wa mimba hurudi ghafla kwenye mzunguko, na mapafu yanaweza kujaa maji katika siku chache za kwanza. Familia iliyokwisha kuandaa gari la kumrudisha mzazi nyumbani kesho yake, naisihi isubiri.